Upele wa Upande wa Baba

Kila nikipeleka gari kubadilishwa oili, mkono wangu wa kulia hupanda kichwani wenyewe, ukapapasa mtandio kuhakikisha uko mahali pake. Fundi wangu ameshazoea. Zamani alikuwa akiniuliza kama kichwa kinaniuma. Siku hizi ananiletea kiti, ananigeuzia mgongo na kuendelea na kazi. Sijamwambia kwamba ni ile harufu. Oili chafu, ile nyeusi iliyokwisha kazi yake, ikianza kumiminika kwenye karai, mimi huwa tena mtoto wa miaka minane, nyumbani kwetu Garissa, nimesimama juu ya zulia la watu, na hakuna hata mmoja chumbani anayepumua.

Mara ya kwanza kukisimulia kisa hiki mpaka mwisho ilikuwa mbele ya mshauri nasaha. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu mwenye darasa lake na mshahara wake, na nilikuwa silali. Nikialikwa harusi nilianza kuumwa siku tatu kabla. Sisemi kwa kupamba maneno, nilikuwa naumwa kweli: tumbo, moyo kwenda mbio, viganja kutoa jasho. Harusi zetu, wanawake wakishafunga mlango, mitandio huvuliwa na kila mtu hutoa nywele zake zipate hewa, na mimi nilikuwa nimeshajifunza kukaa karibu na mlango na kudai nina mafua. Yule mama mshauri akaniuliza kwa upole ni lini nilianza kujiona nina kasoro. Nikamwambia kuna ngamia. Akaandika "ngamia" kwenye daftari lake, akaweka kalamu chini, akangoja. Alikuwa mvumilivu sana.

Nyinyi wa rika langu mliokulia huku mnajua, lakini kwa ajili ya mgeni niseme. Kwetu nywele ni za aina mbili. Kuna jileec, laini, zinazolala zikiambiwa zilale. Na kuna jareer, ngumu, za kipilipili, zisizosikia la mtu. Ungedhani ni habari ya chanuo tu. Wapi! Nywele ngumu ni swali: babu yenu alitoka wapi hasa, na mbona hamkutuambia? Watu wanaoweza kutaja mababu ishirini bila kuvuta pumzi hunyamazishwa na kichwa cha mtoto mmoja. Ati nywele hizo ni za watu wa mtoni, wanaolima, na ati watu hao ni wa chini. Nani aliyewapima, hajulikani. Halafu hao hao wenye nywele laini wakivuka daraja la Tana kwenda Nairobi, hushushwa kwenye kizuizi waonyeshe kipande, na anayewashusha ni askari mwenye nywele kama zangu, ambaye naye kuna mahali alifundishwa kwamba wao ndio si watu kamili. Sote weusi, jua letu moja, na bado tumepata nafasi ya kupangana nani akae juu ya nani.

Nyumbani tulikuwa watoto wawili wa kike, mimi na dada yangu Ifrah, aliyenizidi miaka kumi na moja. Ifrah alichukua nywele za Hooyo, mama yetu. Zilimfika kiunoni, na akiziosha nyumba nzima ilipita polepole kuziangalia. Mimi nilichukua za upande wa Aabo. Maneno hayo, "imetoka upande wa baba," niliyasikia mara nyingi kuliko jina langu. Aabo mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, alikuwa mwanamume, na alikuwa na kofia, kwa hiyo hakuna aliyemsumbua. Aliyesumbuka kwa ajili ya ukoo mzima ni Eeddo Batula.

Eeddo ni shangazi, dada ya baba. Huyu wetu hakuwahi kuolewa, aliishi nasi, na kila Alhamisi baada ya alasiri alinibana kichwa katikati ya magoti yake na kuanza kazi. Alianza kwa Bismillah, kama mtu anayechinja. Nilipakwa samli. Nilipakwa yai. Nilipakwa qasil, ule unga wa majani tunaooshea uso na nywele, kisha mafuta ya simsim, kisha chai ya rangi iliyopoa, na wiki moja maziwa ya ngamia yaliyochacha, kwa sababu mwanamke fulani alimwambia. Nywele zangu zilikula vizuri kuliko sisi. Ijumaa asubuhi zilikuwa zimesimama vilevile, zimeamka kabla yangu, na Eeddo akizitazama alikuwa akishusha pumzi ndefu mpaka namhurumia yeye badala ya kujihurumia mimi.

Yeye mwenyewe hakuvua mtandio hata siku moja. Tukiwa wanawake peke yetu chumbani, umo kichwani. Akilala, umo. Alisema ana baridi ya kichwa. Hapo ni Garissa, ambako tunatoa mikeka nje tulale uani kwa sababu ndani ya nyumba hakukaliki kwa joto, na mimi nikaamini kwamba shangazi yangu anasikia baridi. Nilikuwa nikimwombea dua.

Sasa tuje kwa ngamia. Adeer Gedi, ndugu mdogo wa Aabo, alishuka kutoka Hulugho na ngamia watano wa kuuza. Wanne walikuwa wazima wa kupendeza. Wa tano, dume changa, alikuwa na upele: manyoya yamepukutika shingoni, ngozi imekuwa nene, na kila ukuta aliokaribia aliusugua kwa raha mpaka anafumba macho. Akatengwa, akafungwa nyuma ya jiko letu, mbali na wenzake. Adeer akaenda kwa jirani yetu Fundi Kasim, mtengeneza magari, akarudi na debe la oili chafu, na wakampaka mnyama yule kuanzia masikio mpaka mkia, mimi nikiwa nimeshika kikombe cha kuchotea. Nilijiona daktari.

Nilisikia kila kitu siku hiyo, maana watoto wakishika vikombe watu wazima husahau kwamba wana masikio. Aabo alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, akiangalia barabarani. Alisema wanunuzi wakimwona huyu mmoja, watawakataa wote. Akauliza upele wenyewe umetoka wapi. Adeer akajibu umetoka upande wa mama yake, ukoo mzima wa yule ngamia jike ulikuwa nao. Kisha akamtuliza kaka yake: ameshapakwa, na ngamia akishapakwa haambukizi tena, kesho tunamrudisha kwa wenzake. Na kweli kesho yake alirudishwa, anang'aa, amefurahi, ananuka kama lori la mawe.

Wakati huohuo Ifrah alikuwa amechumbiwa. Wanaume wa upande wa bwana harusi, watu wa Balambala, walikuwa wameshakuja, wamekaa na Aabo, wamekubaliana yao. Kilichobaki ni wanawake. Kwetu wanaume wanaweza kukubaliana mpaka wachoke, lakini jambo halijawa jambo mpaka mama wa bwana harusi aje na ndugu zake wa kike kunywa chai. Inaitwa chai. Wanakuja kumwangalia msichana akiwa kichwa wazi, na kuangalia nyumba, na kuangalia watoto waliomo ndani ya nyumba, maana watoto ndio wanaoonyesha kilichomo kwenye damu. Ifrah alimpenda yule kijana. Alikuwa amesoma naye, na jina lake likitajwa alikuwa akitafuta kitu cha kufagia.

Jioni moja nilikuwa chini ya dirisha nikicheza na visoda, nikamsikia Eeddo ndani akimwambia Hooyo kwamba siku ya chai mimi nipelekwe mahali. Hooyo akasema, lakini huyu ni mtoto. Eeddo akashusha sauti, ile sauti ya Aabo ya siku ya ngamia, akasema wakimwona huyu mmoja, watamkataa Ifrah. Watauliza imetoka wapi. Unataka tuwajibu nini?

Nilingoja Hooyo ajibu. Nilimngoja kwa muda mrefu, visoda vikiwa mkononi. Nikasikia akianza kuhesabu vikombe.

Basi nikaelewa. Mtoto wa mfugaji hahitaji kuchorewa picha. Ninapakwa vitu kila wiki. Ninatengwa wageni wakija. Wanaongea habari zangu kwa sauti ya chini. Imetoka upande fulani, na nikionekana mimi wanakataliwa wote. Nilikuwa na upele wa ngamia. Na nitakuambia ukweli, jambo la kwanza nililohisi lilikuwa nafuu. Siku zote hizo nilijua kuna kitu kibaya juu yangu, sikukijua jina. Sasa nilikuwa na ugonjwa wa heshima kabisa, wenye dawa, na dawa yenyewe nilikuwa nimeishika kwa mkono wangu.

Hofu ilikuja usiku, kwa sababu nililala mkeka mmoja na Ifrah na chanuo letu lilikuwa moja. Asubuhi nilijitenga. Nikachagua kikombe changu cha bati nikakitia alama kwa msumari. Nikatafuta chanuo bovu lililokuwa limetupwa. Nikavuta mkeka wangu mpaka upande wa pili wa ua, na Ifrah alipotaka kunikumbatia nikamwinulia mkono kama askari wa kizuizini, nikamwambia asikaribie, ni kwa faida yake. Maskini Ifrah akadhani nimemkasirikia kwa kuwa anaolewa na kuniacha. Alilia. Nilimwangalia analia kwa mbali, hatua sita, nikajiambia kwamba siku moja atanishukuru. Nilipokuwa peke yangu nilijaribu kusugua kichwa ukutani nione. Nikasikia raha. Basi, ninao kweli.

Zilipobaki siku mbili kabla ya chai nikaenda kumwona daktari. Si zahanati, ya nini? Zahanati walikuwa wanatoa tembe za homa. Nilikwenda soko la mifugo, kwenye kile chumba cha mabati pembeni, kwa Daktari Mutua wa mifugo, Mkamba wa upande wa Mwingi, ambaye alikaa kwetu muda mrefu na kuwajua ngamia wa kila mtu. Kiswahili changu kilikuwa cha darasa la pili, na p zote zilikuwa b. Nikamwambia nataka dawa ya ubele. Ya ngamia. Ya mtu.

Akauliza, mtu gani? Nikavua mtandio.

Ninamheshimu yule mzee mpaka leo, maana hakucheka. Alivaa miwani. Akanigeuza kichwa kwenye mwanga wa dirisha, akatenganisha nywele kwa vidole, akakagua ngozi nyuma ya masikio. Akauliza kama nawashwa. Hapana. Nakula? Ndiyo. Nakunywa maji? Ndiyo. Akauliza na choo changu kikoje, kwa mazoea tu, kisha akakumbuka anaongea na nani, akakohoa. Akavua miwani akatangaza kwamba sina upele wala ndugu yake upele, mimi ni mzima kabisa, na nywele zangu ni nywele.

Ningemwamini. Lakini alikuwa ameinama, na kichwa chake kilikuwa mbele ya macho yangu, na nywele zilizokuwa juu yake zilikuwa kama zangu, hizo hizo.

"Na wewe unao," nikamwambia kwa huruma. "Wewe ulitengwa wapi?"

Akaanza kucheka, kicheko kikamfia. Akaangalia nje, kwenye vumbi na ngamia na wanaume wenye fimbo, akasema, "Hapa hapa, mama. Kila boma ninalotibu, chai yangu mimi huletewa nje." Kisha akaanza kutafuta miwani yake juu ya meza, nayo ilikuwa mkononi mwake.

Nikaondoka nimevunjika moyo. Kama daktari mwenyewe anao na ameshindwa kujitibu, hakuna cha kungoja.

Siku ya chai ikafika. Eeddo akaniambia kwamba mke wa Fundi Kasim anahitaji sana mtu wa kumsaidia kuchagua maharage. Hajawahi mtu kuhitaji msaada wangu wa maharage tangu nizaliwe. Nikaenda bila kubisha, mgonjwa mwema. Mke wa Fundi alikuwa na mtoto mchanga. Alimnyonyesha, wakalala wote wawili, na mimi nikabaki na sinia ya maharage, na pale mlangoni mwa gereji, debe la oili chafu limekaa juani.

Nikafikiria. Wasiwasi wao ulikuwa nini? Kwamba nitaonekana na upele. Lakini ngamia akishapakwa haambukizi, anarudi kwa wenzake kesho yake. Kwa hiyo kinachotakiwa si kujificha. Kinachotakiwa ni kupakwa, halafu kwenda kuwatoa watu hofu. Nilishangaa watu wazima hawakuliona jambo jepesi hivyo. Nikavua mtandio, nikasema Bismillah kama Eeddo, nikachota kwa kikombe, nikamimina.

Ilikuwa ya uvuguvugu. Ikashuka masikioni, shingoni, ndani ya gauni, ikaingia jicho moja. Nikachota tena, maana Adeer alikuwa amesisitiza usiache mahali. Nikasimama kidogo ipenye. Kisha nikatembea kwenda nyumbani bila mtandio, ili usije ukafuta dawa, na mbuzi wa njiani wakanipisha.

Chumba cha wageni kilikuwa na zulia jipya la kuazima, wanawake watatu wa Balambala, na ukimya wa watu wanaokunywa chai kwa adabu. Mama wa bwana harusi alikuwa katikati, mwanamke mnene mwenye jino la dhahabu. Ifrah alikuwa amekaa mbele yao macho chini, nywele zake zimeachiwa mpaka kiunoni. Hooyo anamimina. Eeddo amesimama na sinia ya halwa. Mimi nikaingia, nikasimama katikati ya zulia, nikatoa hotuba niliyokuwa nimeifanyia mazoezi njiani.

"Assalamu alaykum. Msiogope. Mgonjwa ni mimi peke yangu, na nimeshapakwa. Ifrah hana. Imetoka upande wa baba."

Hakuna aliyeitikia salamu. Nikaona nimalize kazi vizuri, kwa kuwa nilimpenda shangazi yangu na sikutaka ashukiwe.

"Eeddo pia hana. Yeye ana baridi tu."

Tone moja likaanguka kwenye zulia. Nililisikia. Mama mwenye jino la dhahabu akauliza polepole, mgonjwa wa nini? Nikaonyesha kichwa changu kwa vidole viwili, na kwa wema wangu nikaongeza kwamba hata daktari wa mifugo anao. Ifrah ndiye aliyeelewa kwanza. Nilimwona akikumbuka kikombe cha bati, chanuo bovu, mkeka uliohamishwa, hatua sita. Akainuka na gauni lake la wageni, jeupe, akanikumbatia kwa nguvu zote kabla sijamkataza, oili ikamwenea kifuani na kwenye zile nywele zake za sifa, na akawa analia na kucheka kwa pamoja. Nikamwambia asijali, nimepakwa.

Nisiwaweke roho juu: harusi ilikuwepo. Wanawake wa Balambala walimaliza chai, wakaaga, wakaondoka na nyuso zisizosomeka, na nyumba yetu ikafunga saumu ya wiki mbili ya kungoja. Kisha habari ikaja kwamba siku ipangwe. Hatukujua kwa nini mpaka harusi yenyewe, nilipokutanishwa na dada mdogo wa bwana harusi, wa mwisho kuzaliwa kwao, ambaye siku ya chai tulikuwa tumeambiwa kabaki Balambala na malaria. Tulipofungiwa chumbani na wanawake, mtandio wake ukavuliwa. Nywele zake zilikuwa zangu tupu. Nikamuuliza kama malaria imepona. Akauliza, malaria gani? Kumbe nyumba mbili zilikunywa chai saa mbili nzima zikisifiana ukoo, na kila moja imeficha mtoto.

Huyo mama mvumilivu wa daftari alicheka hapo mpaka akatoa leso. Ndipo nikamweleza jambo ambalo Aabo aliniambia nilipokuwa mkubwa. Eeddo Batula naye aliwahi kunywewa chai. Mara mbili. Mara zote mbili wanaume walikuwa wamekubaliana, mara zote mbili wanawake walikuja, wakamwangalia, wakamaliza chai, wakaondoka, na hakuna habari iliyokuja tena. Baada ya mara ya pili alifunga mtandio, akiwa na miaka kumi na tisa. Aabo alisema dada yake alikuwa akiimba kabla ya hapo. Mimi sikuwahi kumsikia hata akipuliza mluzi.

Lakini jambo lenyewe lilitokea siku ileile ya chai, uani, na wageni bado wako ndani. Eeddo alinikokota kwa mkono mpaka nyuma ya jiko, akanikalisha juu ya jiwe, akanimwagia mafuta ya taa kichwani ili oili iachie, kisha sabuni ya unga, kisha maji, kisha tena. Alikuwa ananisugua na kunigombeza kwa pumzi moja. Nimemwaibisha kaka yake. Nimemmaliza dada yangu. Zulia la watu atalilipa nani? Nilikuwa mtulivu kabisa. Nilijua mgonjwa hagombezwi kwa kuwa anachukiwa.

Oili haikuwa na haraka ya kutoka. Alinisugua mpaka maji yakamlowesha yeye, mpaka mtandio wake ukawa mweusi ukaanza kuteleza. Akaurudisha kwa kiwiko, kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa oili. Ukateleza tena. Akaubana kwa bega. Akainama kuchota maji, na ukaanguka ndani ya ndoo.

Nikainua macho nikakiona kichwa cha shangazi yangu kwa mara ya kwanza. Nywele zake zilikuwa ngumu kama zangu, fupi, zimesokotana. Mbele hazikuwepo kabisa. Palikuwa na ngozi ya kung'aa, yenye makovu ya kuungua, mahali ambapo dawa za kulainisha zilikuwa zimepita miaka na miaka hadi mizizi ikakata tamaa. Na makovu hayakuwa ya zamani yote. Moja lilikuwa bado jekundu.

Hapo ndipo nilipolia. Siku nzima sikuwa nimelia, sasa nililia kwa sauti mpaka nikakohoa sabuni. Nilikumbuka Alhamisi zote, kichwa changu katikati ya magoti yake, vidole vyake vikiingia na kutoka humo.

"Nisamehe, Eeddo," nikamwambia. "Nimekuambukiza."

Mikono yake ikasimama kichwani kwangu. Nilingoja kofi. Badala yake alikaa chini, kwenye matope ya sabuni na oili, mwanamke mzima na gauni lake la wageni, kichwa wazi mbele ya mlango wa nyuma ambao mtu yeyote angeweza kuufungua. Kisha akaniita mimi pia Eeddo, kama shangazi zetu wanavyowaita watoto wa ndugu zao wakiwapenda.

"Hapana, Eeddo," akasema. "Ni mimi niliyekuambukiza wewe."